Jino Langu, Bahasha Yake

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Al Jaddaf, huko Uarabuni, ghorofa ya tatu, na kazi yangu ilikuwa chai na kutafsiri. Watu wa kwetu walimwita bosi wangu wakili, naye hakuchoka kuwasahihisha: yeye ni mshauri wa sheria, ana leseni ya kushauri na kuandika, bali kusimama mbele ya hakimu ni kazi ya wakili mwenyeji aliyesajiliwa kwa hilo. Masharti yake yalikuwa mengi. La kwanza: mtu akiingia, muulize jina la anayemlalamikia kabla hajaeleza lolote, maana huwezi kushauri pande mbili za ugomvi mmoja.

Lakini mimi nimelelewa Tanga. Kwetu mgeni haulizwi maswali kabla hajanywa kitu, na akianza kusema, humkatizi.

Basi asubuhi ile alipoingia dada mmoja Mkenya, mtumishi wa nyumbani huko Al Warqa, nilimpa chai ya maziwa. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umezungushiwa mtandio.

"Madam aliniwekea pasi hapa," alisema. "Ikiwa moto, dada. Eti nimechoma shati ya sir. Nikapiga nduru, akanifungia mlango vidole vikiwa ndani. Akafungua, akafunga tena."

Niliandika ukurasa mzima na nusu, huku nikitamani niishike hiyo pasi mwenyewe. Alichotaka kilikuwa kimoja: mtu wa kumpeleka polisi kabla waajiri wake hawajamripoti kuwa ametoroka, kwani mtoro ndiye anayekamatwa kwanza.

Bosi alitoka chumbani kwake, akauliza jina la kafeel, yaani mwajiri aliyemdhamini. Dada akalitaja. Bosi akavua miwani.

"Khalas. Asiseme neno lingine."

Yule kafeel, mume wa madam, alikuwa mteja wetu wa miaka. Bosi alisema hawezi kumsimamia dada, wala hatamsaidia mume dhidi yake, na maneno ya mtu aliyekuja kutaka ushauri ni siri yake. Akazitia karatasi zangu kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaandika juu yake anwani ya ofisi nyingine. Nilijiona mpumbavu. Nimemfunua dada wa watu kidonda chake, halafu namwambia amekosea mlango.

Nilimsindikiza na bahasha yake, na tulikuwa hatujafika kwenye lifti ilipofunguka, akatoka sir mwenyewe. Alikuja kuandikiwa barua ya kumripoti. Alimkamata dada mkono uleule wa mtandio, akauminya, na ule ukelele sijausahau hadi leo. Kisha akaniona na bahasha, nikarudi mbio ofisini, naye nyuma yangu.

"Yalla, nipe."

"Si yangu, sir. Ni ya huyu dada."

Aliokota stepla ya chuma mezani, akanipiga nayo mdomoni. Jino la mbele likaanguka kwenye zulia. Nikamng'ata mkono mpaka mfupa, na sijuti. Bosi alimkaba kwa nyuma akipiga kelele kwamba kuanzia leo si mteja wake, hadi walinzi wa jengo walipokuja kumlaza chini.

Kituoni, polisi walikotupeleka sote, askari aliniuliza yule mtumishi alinieleza nini. Bosi alikuwa ameshanionya njiani.

"Aliyonieleza ni yake, siwezi kuyasema," nilijibu, damu ikinitiririka, nikaliweka jino juu ya meza. "Hili ndilo langu."

Askari aliandika habari za jino tu. Niliona nimemzamisha dada kwa ajili ya sharti la ofisi, na kwamba wataniacha mimi niende na kumfungia yeye.

Ndipo dada akaanza kufungua mtandio wake kwa meno. Tabaka la mwisho lilikuwa limegandana na ngozi, akalivuta hivyohivyo. Askari akasimama. Akamsogezea kiti chake, akaita mkalimani mwingine, akachukua karatasi mpya.

Dada alinitazama mdomo wangu uliovimba, kisha akamgeukia mkalimani.

"Naanza na jina," alisema, akalitaja la madam lote, mpaka la babu yake.