Kipande cha Boksi la Kiberiti

Kila nikichomelea nyaya za gitaa, moshi wa risasi ya kuunganishia hunirudisha chumbani kwetu Temeke, baba alikokuwa akitengenezea gitaa lake. Baba alikuwa amefunga nyuzi nene ili gitaa lilie kama mawimbi, akachomeka kipande cha boksi la kiberiti chini ya nyuzi hizo ili zisiguse shingo ya gitaa. Mimi nilidhani ni uchafu. Nikakitoa, nikafuta na vumbi.

Alipopiga, nyuzi zikakoroma.

“Mama, umegusa gitaa langu?” akaniuliza mimi, binti yake.

“Sijagusa, baba.”

“Basi ni panya. Panya msafi kweli, hata vumbi kafuta!”

Akakata kipande kingine, akakichomeka.

Nilipanga kumwambia ukweli kesho yake, halafu kesho yake tena, hadi baba akatutoka. Sasa gitaa ni langu, nalipiga peke yangu. Nalisafisha kila Jumapili, hadi skrubu. Kipande chake sijakigusa.