Meli Isiyosikia

Enzi ya Mjerumani mume wangu alikuwa mchochea makaa kwenye meli kubwa iliyokuwa ikitia nanga Tanga. Mimi nilikaa Korogwe, hapa Kilole, na mama yake, tukilima.

Safari moja meli ikachelewa. Watu walioshuka kwenye treni wakasema imezama. Mama mkwe akaniletea kaniki.

"Vaa, mwanangu, ukae eda."

"Sivai. Nani kaiona maiti? Meli yao ina simu isiyo na waya. Ikipata shida inaita wenzake."

"Inaita! Basi na iniitie mwanangu, ugali unapoa."

Alicheka huku analia. Hata mimi nilikuwa naogopa.

Wiki ile ile mume wangu akashuka kwenye treni, mkono umeungua, lakini mzima. Akatusimulia. Usukani ulivunjika, maji yakawa yanawasukuma mwambani. Meli ndogo ya pwani ikapita karibu, moshi wake wanauona. Mwenye simu akagonga mtambo wake weee, kimya. Ile ndogo haikuwa na mtambo wa simu. Wakapiga honi, upepo ukaichukua sauti, nayo ikaenda zake. Iliyowasikia ni meli nyingine yenye simu, iko mbali, hata mlingoti wake hauonekani. Hiyo ndiyo iliyogeuza, ikawavuta mpaka Tanga.

Tukamshukuru Mungu. Kisha akasema, macho chini, kwamba ile meli ndogo inatafuta mchochea makaa, naye anataka kuingia.

"Inarudi Tanga kila wiki. Ijumaa nitalala nyumbani. Si wewe unayelalamika?"

Kweli nililalamika. Mtoto wetu alikuwa kila akimwona baba yake anajificha nyuma yangu. Nilitaka mume nyumbani kama wanawake wenzangu.

"Hiyo ikivunjika usukani, itamwita nani?" nikamwuliza.

"Haiendi mbali na pwani."

"Na mwamba uko wapi, bwana? Si huko huko pwani?"

Akamgeukia mama yake. Nilidhani atamtetea mwanawe.

"Usinitazame mimi," mama mkwe akasema. "Mkeo kauliza. Mjibu."

Akafunga mzigo wake. Akarudi kwenye meli kubwa, tukawa tunaonana mara chache kwa mwaka. Majirani wakasema nimemfukuza mume. Iliniuma, sikuficha. Nilipomsindikiza stesheni nilimwambia: siku meli za pwani zitakapofungwa mtambo ule, njoo uniombe tena, nitakufungia mzigo mwenyewe.