Nyuzi za Kondoo Wangu wa Idi

Mimi ni mtu wa kinyaa na mtaa mzima wa Mirongo unajua. Kikombe alichonywea mgeni nakisugua kwa majivu mara mbili. Dagaa hawaingii chunguni kwangu mpaka niwe nimewachambua mwenyewe, mmoja mmoja, vichwa vyote chini. Basi Mungu kwa hekima yake akaniletea mpangaji aitwaye Malimi.

Alikuja mwaka hamsini na nane na mkewe Suzana, wakachukua chumba cha uani. Alikuwa Msukuma wa kutoka Magu, fundi mitambo kwenye kinu cha pamba. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Kila alfajiri alipita mbele ya mlango wangu na kusema, "Shikamoo mama," nami nikaitika marahaba, na jioni alirudi nywele zimejaa pamba kama mzee wa miaka tisini. Mpangaji wa namna hiyo ungemwombea dua. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa besi.

Sisemi gitaa la kupakata. Nasema lile dude la kusimama, refu kuliko mwenye kulipiga, ambalo bendi za dansi zilikuwa nalo siku zile. Malimi alilikuta kwenye klabu moja ya Wazungu huko ufukweni alikoitwa kutengeneza pampu ya maji. Lilikuwa limetupwa barazani, mgongo umeliwa na mchwa. Walipotaka kumlipa ujira wa pampu, mwanamume mzima akasema, "Nipeni lile." Akalileta kwangu kwa mkokoteni. Nilichungulia kwenye tundu lake nikaona mayai ya mijusi, viota vya nyigu na kitu kikavu ambacho sikutaka kukijua. Nikaenda kunawa mikono ingawa sikuwa nimegusa kitu.

Alilitibu miaka miwili. Mgongo ulioliwa aliukata, akaziba kwa mbao nyembamba za sanduku la majani ya chai. Vigingi vya kukazia nyuzi alivichonga kwa mninga. Kile kibao kidogo kinachozinyanyua nyuzi zisilale tumboni alikichonga mara tisa. Anakitia, anapiga, anainamisha sikio, anakitoa, anakitupa. Nilimwuliza tofauti ya cha sita na cha saba ni nini. Akanieleza kwa nusu saa, sikuambulia kitu.

Vyote hivyo nilivivumilia. Gundi ndiyo iliyonitoa machozi. Kumbe gundi ya mbao hutokana na kwato za ng'ombe, zinachemshwa mpaka ziwe uji. Suzana alikuja kuniazima sufuria, nami nikampa ile ya wali nikidhani anapika. Nilipotoka uani nikakuta kwato zinatokota ndani yake, povu la kijivu, na ule mvuke ukaniingia puani ukakaa. Niliibeba ile sufuria kwa kijiti mpaka mto Mirongo nikaitupa na kwato zake. Malimi alininunulia nyingine nzuri zaidi, lakini mwezi mzima kila nikila wali nilisikia kwato.

"Hiyo gundi ina faida gani?" nilimfokea. "Hakuna misumari mjini?"

"Msumali unapasua mbao, mama," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. "Gundi hii inashika sana. Adui yake maji tu. Ikiloa inalegea, linafunguka lote."

Neno hilo naomba ulikumbuke. Mimi nililisahau wakati ambapo sikupaswa kulisahau.

Zikabaki nyuzi. Dukani kwa Mhindi aliyeuza magramafoni walimwambia ziagizwe Ulaya, na Ulaya haijibu barua za mafundi wa pamba. Lakini babu yake Malimi alikuwa akisokota nyuzi za zeze kwa matumbo ya mbuzi. Basi Idi ya Kuchinja ya mwaka sitini na moja nilipochinja kondoo dume uani kwangu, akaja kichwa kimeinama. "Mama, yale matumbo unayatupa?"

"Chukua," nikamwambia, "na uende nayo mbali."

Mbali kwake ilikuwa hatua nne. Aliyakomba kwa kisu butu mpaka utelezi wote ukatoka, akayaloweka kwenye maji ya majivu siku tatu, akayasokota mabichi, vipande vingi kuwa uzi mmoja, kisha akayawamba juani kutoka mwembeni hadi kwenye nguzo ya jiko langu. Kamba ya kuanikia kanga zangu ilikuwa hapo kando. Nzi walikuja kana kwamba wamealikwa. Nilitapika mara mbili, na sisemi kwa kutia chumvi.

"Halufu itaisha, mama. Siku tatu tu."

Zilikuwa kumi na moja. Halafu, lazima niseme ukweli, nyuzi zilikwisha kukauka, akazipaka nta, akazifunga kwenye dude lake, na Jumamosi ile alasiri nikiwa nimekaa barazani nikasikia kutoka ukumbi wa klabu ya dansi, mitaa miwili kutoka kwangu, kitu kikitembea chini ya tarumbeta zote, taratibu, kikiwashika wengine wasianguke. Dansi mimi nililichukia, watu wazima kushikana viuno mchana kweupe. Hata hivyo nilisahau kuchambua mchele wangu. Hakulipwa hata senti kwa kupiga na bendi yao; wiki nzima alikuwa mtumwa wa mashine, Jumamosi alikuwa Malimi.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, nyuzi zikanyonya unyevu na harufu ikarudi. Si kubwa, lakini pua yangu ilikuwa imeshaijua. Asubuhi moja nikiwa bombani na ndoo, jirani yangu Sihaba akaniuliza, "Mwaija, kwako kunanuka nini siku hizi?"

Nilikuwa sijalala vizuri. Nikajibu, "Sijui. Labda ni utumbo wa nguruwe anaouwamba yule Msukuma wangu."

Wanawake walicheka. Ilikuwa raha kuwachekesha, nami sikuwahi kuwachekesha sana. Nikajitwisha ndoo yangu nikaenda zangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale niliyomwaga bombani yalifika ukumbini kabla ya Ijumaa.

Nusu ya bendi ilikuwa Waislamu, na mwenyekiti wa klabu alikuwa Muhidin, mwuza vitambaa. Alikuja kwangu na wajumbe wawili, wakasimama uani mbali na ile besi wakiwa wameshika pindo za kanzu. Muhidin huyu alikuwa akinywa bia jikoni kwa Mgoa mmoja, kwa siri ambayo hata mbwa wa mtaa walikuwa nayo. Siku ile alikuwa shehe.

"Malimi, besi hii imenajisika. Siku ya Uhuru haiingii ukumbini."

"Ni kondoo, mwenyekiti," Malimi akasema. "Kondoo wa Idi wa mama mwenyewe. Mwulizeni."

Wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni na ungo mkononi. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni ndiyo. Lakini nikisema ndiyo, Sihaba na bomba zima watajua nimemsingizia mtu haramu ili nichekeshe watu. Nikasema, "Mimi nilitoa matumbo yakatupwe. Baada ya hapo sijui alisokota nini."

Malimi alinitazama. Nimewahi kuona funza kwenye nyama, nimewahi kuona panya kavimba kisimani, lakini kinyaa nilichokisikia nilipoingia ndani na ungo wangu sikuwa nimekisikia kabla, maana chanzo chake hakikuwa nje yangu hata niweze kukikimbia.

Muhidin akatoa hukumu. Nyuzi zitupwe, atie za waya. Na besi yenyewe ioshwe mara saba, mara moja kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa najisi ya nguruwe. Ikioshwa mbele ya kamati, Malimi atapiga siku ya Uhuru. Isipooshwa, asiilete tena, siku ile wala siku nyingine.

Kuanzia kesho yake Malimi alipita mlangoni kwangu bila kusema shikamoo. Wiki mbili. Sikuwahi kujua salamu ina uzito gani mpaka nilipokosa ya kuitikia. Nami nilijiambia kila siku kwamba kesho nitakwenda kwa Muhidin, na kila kesho nilikuwa na nguo za kufua.

Uhuru ulikuja Jumamosi. Tangu alfajiri mji ulikuwa unapiga vigelegele, mabasi yamefungwa matawi, watoto wana vibendera. Nilikuwa nimevaa doti mpya ya kanga, naelekea uwanjani, Suzana akatoka chumbani analia.

"Amekwenda nayo ukumbini," akasema. "Amekubali waioshe. Anasema siku kama ya leo hawezi kukaa nyumbani. Mama, itafunguka yote. Ile gundi!"

Ndipo nilipokumbuka. Adui yake maji tu. Nilikimbia, mimi mwanamke wa miaka hamsini na miwili, viatu mkononi, mitaa miwili.

Uani kwa ukumbi walikuwa wamepanga ndoo saba kwa mstari. Besi ililazwa kifudifudi juu ya benchi, bila nyuzi, kama maiti inayosubiri mwoshaji. Ndoo ya kwanza ilikuwa imeshamwagwa. Upande mmoja wa mgongo, ile mbao ya sanduku la chai ilikuwa imeanza kunyanyuka, na Malimi ameibana kwa viganja vyake vyote viwili, macho ameyafumba. Mjumbe mmoja alikuwa ameshika ndoo ya pili.

"Weka chini!" nikasema.

"Bi Mwaija," Muhidin akasema, "huku ni kwa wanaume."

"Weka ndoo chini. Ni kondoo. Nilimnunua mwenyewe, akachinjwa kwangu, kwa bismillahi, na nyama yake wewe Muhidin nilikuletea sahani ukala. Maneno ya nguruwe niliyasema mimi bombani. Niliwachekesha wanawake. Na mlipokuja kwangu kuniuliza nikaogopa, nikawajibu kwa ujanja. Malimi hana kosa."

Kisha Muhidin, ambaye hakutaka kushindwa mbele za watu, akakunja uso. "Jana hujui, leo unajua. Tutaamini lipi?"

Nyuzi zilikuwa zimetupwa kwenye vumbi karibu na choo. Nikainama nikaokota ule mnene kuliko wote. Kulikuwa na mchanga juu yake, na nta, na jasho la vidole vya Malimi la miezi sita. Mirongo nzima inajua mimi ni nani. Nikautia mdomoni, nikauma, nikautafuna mbele yao kama mshonaji anayekata uzi kwa meno. Ulikuwa na chumvi na majivu. Nikameza mate.

"Sasa mniletee nguruwe," nikasema, "nanyi mwone kama nitamtia mdomoni."

Mpiga tarumbeta mmoja akacheka, kisha akaacha. Mjumbe akaweka ndoo chini. Muhidin akasema kwamba siku ya Uhuru si siku ya kubishana, akaingia ndani akijipangusa uso.

Mbao ilikuwa bado inanyanyuka. Nikavua kanga yangu ya juu, mpya, haijaguswa na maji, tukaifunga kiunoni mwa lile dude, kaza, kaza tena. Malimi akaokota nyuzi zake vumbini, akazifuta kwa shati, akazirudisha zote nne, na ule mnene ukiwa na alama za meno yangu. Alasiri alipiga. Nilikaa nje ukutani, sikuingia. Sauti ilikwaruza upande mmoja, palipofunguka, na pana mkwaruzo hadi leo kila zikija mvua. Sasa ana gitaa la besi la umeme, nyuzi za chuma, halinuki kitu. Lile kubwa bado analitengeneza.

Kesho yake, Jumapili, Suzana hakuja kuniazima kitu. Nilichukua sufuria yangu ya wali, ile nzuri, nikaiweka kizingitini kwao kwa ajili ya kwato, nikarudi ndani nikafunga mlango. Alfajiri ya Jumatatu nikasikia viatu vya kazini vikija, vikasimama.

"Shikamoo mama."

Nilikawia kuitika. Marahaba ilikuwa hapa mdomoni, nami niliona kinyaa kuitoa kwa mdomo ule ule uliosema nguruwe bombani.