Mlango Mfupi Kuliko Yote

Ukitaka kumpata Mama Pacha, usiulize namba ya nyumba, maana namba hakuna. Ulizia kwa mshonaji, utaonyeshwa mlango mfupi kuliko yote mtaani. Hapo utainua mguu mpaka karibu na goti, utainamisha kichwa, na ukiwa na haraka utagonga paji la uso. Wateja wake karibu wote wana kovu. Yeye mwenyewe amegonga hadi ameacha kusema "aah". Anasema tu, "Mungu wangu, huyu mwanamume!"

Mwanamume mwenyewe ni mumewe, fundi mwashi, na kazi anaijua, asisingiziwe. Tatizo ni kwamba hajui kuacha.

Mtaa wao uko bondeni, mbele kuna barabara, ng'ambo ya barabara kuna mto. Mvua kubwa zikija mto unapanda barabarani na maji yanaingia majumbani bila hodi. Mama Pacha aliolewa pale wakati wa kiangazi, na hakuna aliyemwambia. Ndiyo, jamani, hata mshenga alikaa kimya! Mvua za kwanza zilimkuta bado mwari, akaamka akakuta viatu vyake vya harusi vinaogelea chini ya kitanda. Tangu hapo akajifunza kuishi juu juu. Cherehani iko juu ya meza, meza iko juu ya matofali, vitambaa vinaning'inia kwenye misumari karibu na dari. Ukidondosha kifungo unakiokota haraka kabla hujasahau kwamba chini si mahali pa kuweka kitu.

Mumewe alipoona maji yanaingia alijenga kizingiti cha tofali moja mlangoni. Maji yakashindwa, yakaenda kwa dobi, jirani wa kushoto. Dobi akaja mbio: "Fundi, nami nijengee." Akamjengea, kirefu kidogo kuliko chake. Maji yakaenda kwa kinyozi. Kinyozi naye akataka. Fundi akimaliza kwa watu anarudi nyumbani, anatazama chake, anaona kimeshakuwa kifupi, anaongeza tofali. Dobi akiona, naye anaongeza. Ikawa mashindano. Kila kizingiti kikipanda, mlango unakatwa kwa msumeno chini. Kuku walijifunza kuruka, na wageni walipunguza kuja.

"Hivi wewe unajenga nyumba au unajenga tangi la maji?" Mama Pacha alimwuliza siku moja.

"Wewe shona," mumewe akamjibu. "Mambo ya maji niachie mimi."

Kuhama kuliwezekana, na hicho ndicho kilichomkaanga roho. Kaka yake alikuwa na vyumba viwili vitupu kule juu mlimani, na kila mwaka alimwambia, "Dada, njooni, vinaliwa na mchwa bure." Mama Pacha alitaka kwenda hata kesho. Pacha wake walikuwa shule ya bweni, vyumba viwili vingewatosha. Tena alikuwapo mama mkwe, na usalama wake ndio uliomtia hofu zaidi. Magoti yake yalikuwa mabovu, alitembea kwa mkongojo, na chumba chake kilikuwa kile cha chini kuliko vyote. Siku maji yakija kwa nguvu, nani atamtoa?

"Mama hataki kuhama," mumewe alisema. "Muulize mwenyewe."

Akaenda kumuuliza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye dirisha la uani kama kawaida yake.

"Mama, twende kwa kaka?"

"Muulize mwanangu."

Akarudi kwa mwana. Mwana akamrudisha kwa mama. Alipigwa danadana hivyo miaka, wala hakupata jibu. Na yule mama alikuwa na kichwa kigumu kweli kweli. Harusini hakwenda. Msibani hakwenda. Siku ya kwenda hospitali alibebwa na mwanawe mgongoni, amefumba macho. Ukimwambia, "Mama, toka nje uote jua," anakujibu jua analiona dirishani, halijabadilika. Mama Pacha aliyachukulia kuwa ni maringo ya wakwe. Alijisemea, huyu mama na mwanawe wamekatwa kwenye kitambaa kimoja, na mimi mshonaji ndiye niliyepewa kukivaa.

Mwaka huo redio ikatangaza dhoruba inatoka baharini. Ilikuwa na jina zuri la kike, utadhani inakuja kuposwa. Mama Pacha alizima cherehani.

"Leo mama anakwenda kwa kaka yangu. Mimi na wewe tukibaki tubaki."

Mumewe akakipiga kizingiti kofi, kama mtu anayepiga bega la rafiki. "Hiki? Mke wangu, hiki hata meli haikipandi. Nimetia nondo."

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Na mama hataki kuhama."

Basi wakabaki. Mvua ilianza asubuhi, na ilipofika mchana haikuwa mvua tena, ilikuwa kama mtu kasimama juu ya paa anamwaga mapipa. Mto ukapanda barabarani, ukafika kizingitini, ukasimama pale. Fundi alikuwa ndani, mikono kiunoni, meno yote nje.

"Unaona? Sema tena. Sema!"

Mama Pacha hakupata nafasi ya kusema. Nyuma kulisikika kishindo, ukuta wa uani ukalala chini. Maji ya mlimani, ambayo hakuna aliyewahi kuyafikiria, yakaingia kwa mlango wa jikoni. Huko nyuma hapakuwa na kizingiti hata cha kusingizia, kwa sababu Fundi alikuwa amekata shauri kwamba nyuma maji hayaji. Yalipita jikoni, yakapita sebuleni, yakafika mlango wa mbele, yakakuta ukuta imara wa fundi hodari. Yakaanza kujaa. Barabarani mto ulishaanza kushuka, lakini ndani maji yalipanda tu.

Fundi akakimbilia ndoo. Akawa anachota na kumwaga nje juu ya kizingiti, anachota na kumwaga, na mlimani wanamletea mengine.

"Vunja!" Mama Pacha alipiga kelele.

"Nivunje nini?"

"Kizingiti, we mtu! Kivunje!"

"Unajua nimetia nini humo ndani?"

"Mama yako yuko chumbani, maji yamefika godoroni!"

Alipoona bado ameshika ndoo, alichukua nyundo kubwa mwenyewe akapiga. Kikabanduka kipande kama ukucha. Akapiga tena huku akilia kwa hasira. Mumewe akatazama chumbani, akaona miguu ya mama yake ikining'inia ndani ya maji, akaja akamnyang'anya nyundo. Ajabu ya ufundi mzuri ni kwamba hauvunjiki unapotaka. Alipiga, akatukana saruji, akautukana mchanga, akapiga mpaka zile nondo zikaonekana, akazipinda kwa mabega. Hatimaye kikakatika katikati, na maji yakatoka kwa kishindo pamoja na ndala, bobini za uzi na suruali ya mteja.

Wakaenda wote wawili kumbeba mama mkwe. Akawasukuma kwa mkongojo. "Niacheni." Akashuka kitandani, akatembea ndani ya maji polepole akishika ukuta. Mlangoni akapapasa chini kwa mkongojo, kushoto, kulia. Hapakuwa na kitu. Akapita. Akasimama barabarani, mvua inamnyeshea kichwani, miguu imezama hadi vifundoni.

Dobi alikuwa dirishani kwake. "Bibi! Kumbe upo? Sisi tulijua ulishahama zamani!"

"Mama, rudi ndani, unalowa!" Mama Pacha alimwita.

"Nimeshalowa," mama mkwe akajibu, na hakugeuka.

Waliomba hifadhi kwa jirani wa upande wa juu. Kesho yake maji yalikuwa yameondoka, yameacha tope. Mama Pacha alikuwa uani anafua godoro lisilofulika, mama mkwe amekaa kwenye kiti barabarani, juani, anaamkiwa na kila apitaye. Ndipo Fundi akatokea na toroli, juu yake mchanga na mfuko wa saruji.

Mama Pacha aliacha godoro, akaja mbio, mdomo tayari umefunguka. Lakini mama mkwe alitangulia.

"Unataka kufanya nini, mwanangu?"

"Nakirudishia, mama. Safari hii na nyuma pia. Sasa hakitaingia kitu."

"Mguu wangu uliacha kukivuka ulipoweka tofali la pili."

Fundi akashusha toroli. "La pili? Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje? Mtaa mzima ulikuwa unakusifia."

Mama Pacha alihisi hasira zake zote za miaka ile zikimgeukia, akakosa pa kuziweka. Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama mchanga.

"Mama," Fundi akasema kwa sauti ndogo, "niambie basi nifanye nini."

Mama mkwe akausogeza mkongojo wake karibu, akageuza kiti kidogo kulifuata jua.

"Ukitaka kujenga, jenga," akasema. "Ila safari hii mimi nitakuwa upande wa nje."