Mnyama Niliyemfunza Kushiba

Moshi wa lehemu hunukia kama ubani uliochanganywa na bati la moto. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa Kongowea simu yangu, na alipogusisha ncha ya moto kwenye waya, moshi ulinipanda puani hata nikashika ukingo wa meza yake. Akaniuliza, "Mama, ni sukari?" Nikamjibu la, ni mwaka 1998.

Mwaka huo tulikaa Magongo, Changamwe, nyumbani kwa mjomba wangu Athumani, kaka yake mama, aliyetengeneza redio na televisheni katika chumba cha mbele. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuwa nimepata kuketi darasani. Darasa la kwanza niliingia Januari 1999, nikimpita mwalimu wangu kwa kimo. Jambo hilo silionei haya leo. Wakati ule nililionea, na kwa sababu hiyo nilijifanya mjuzi wa kila kitu.

Mwezi Machi baharia mmoja, Bwana Seif, alileta kompyuta aliyoinunua ughaibuni, akaiacha itengenezwe, kisha akasafiri na meli yake. Mjomba aliimaliza kwa siku mbili, lakini akawa anaiwasha kila siku baada ya adhuhuri ili ajue kama itaungua tena. Kazi ya kuitazama alinipa mimi. Ndani yake mlikuwa na mchezo.

Mlikuwa na kisiwa, vijumba, watu wadogo kama punje za mchele, na mkono mmoja mkubwa uliokwenda kila kilikokwenda kipanya. Mkono ule ulikuwa mimi. Uliteka maji, uling'oa miti, na wale watu waliusujudia. Mjomba alipoyaona hayo aliweka chini koleo lake.

"Sikiza, Mwanaisha. Humo ndani wewe ni mkono tu. Ukijiita jambo jingine, wallahi naizima."

"Mbona wao wananisujudia, mjomba?"

"Hao hawajafunzwa. Na kibla wamekosea."

Aliyefunzika alikuwa kima. Mkono ulipewa mnyama wake, na wangu alikuwa kima mwenye kimo cha mnazi, nikamwita Sudi. Alitenda apendavyo, akitenda jema unampapasa tumbo mpaka anacheka, akitenda baya unampiga kofi. Hakusahau kitu. Alijifunza kumwagilia mashamba na kuvusha watoto mto. Siku alipomtupa mchunga mbuzi baharini nilimpiga makofi matatu, na kesho yake alipokutana na mchunga mbuzi mwingine alimwinamia kama mtoto anayeamkia mkubwa.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa adabu kali, hasa adabu ya chakula. Ukikaribishwa kwa watu, jibu lilikuwa moja tu: "Nimeshiba, ahsante." Ukinyoosha mkono, alikufinya paja chini ya buibui lake, na uso wake usibadilike hata kidogo. Alizoea kusema kwamba malezi ya mtoto huonekana kwenye sinia la wenziwe. Basi Sudi, aliposhikwa na njaa, alikwenda kwenye ghala la kijiji akachota nafaka kwa viganja viwili. Nafaka ya watu, tena bila kukaribishwa. Nilimpiga. Akawaendea wavuvi, akatwaa samaki wao, nikampiga. Baada ya siku kumi alikuwa akilipita ghala ameinamisha kichwa, nami nikimpapasa kwa fahari. Niliona nimelea.

Ilipofika Mei mbavu zake zilihesabika. Chini ya kioo palikuwa pakitokea maandishi, mstari uleule, mara tatu au nne kila alasiri. Kiingereza cha mjomba kiliishia kwenye majina ya vipuri, na kwa kawaida alikuwa amenipa mgongo, ameinamia redio ya mtu.

"Anasema nini huyo kima wako?"

"Anakusalimu, mjomba."

"Mwambie wa alaikum salaam."

Nilidhani ni mgonjwa. Nilimnyeshea mvua, nikamhamishia kivulini, nikampapasa hata kiganja changu kikatoka jasho juu ya kipanya. Alizidi kulala.

Jumamosi, tarehe 20 Juni, Bwana Seif alirudi kuchukua mali yake. Gari la kukodi lilimngoja nje. Aliinama mbele ya kioo akakunja uso.

"Kwani huyu hali?"

"Ana adabu," nikasema.

"Adabu gani? Si huyu hapa anaandika ana njaa? Ana njaa, ana njaa, ana njaa. Wewe husomi, binti?"

Mjomba aliinua uso, akanitazama. Nilimwomba Bwana Seif anisubiri kidogo tu. Nilichota nafaka nikaimwaga miguuni pa Sudi. Aliitazama, kisha akautazama mkono. Nikampapasa, akageuza uso. Nikamwekea samaki, akarudi nyuma hatua moja akaketi. Nikauondoa mkono mpaka pembeni kabisa mwa kioo ili asiuone. Akautafuta kwa macho, akauona, akainamisha kichwa vilevile nilivyomfunza.

"Umemfunza akafunzika," alisema Bwana Seif, wala si kwa ubaya.

Mjomba akachomoa waya. Kisiwa kikasinyaa kikawa nukta moja, nukta nayo ikazimika.

Kwa miaka mingi nilisadiki kwamba nilimponza kwa kutojua kusoma, nami nilisoma kwa hasira. Cheti cha darasa la nane nilikipata mwaka 2006, cha kidato cha nne mwaka 2010, marehemu mume wangu akinishikia mtoto nje ya chumba cha mtihani. Lakini tarehe 20 Juni nilikwisha kuambiwa kilichoandikwa, na hakikunifaa.

Wiki mbili baadaye, tarehe 4 Julai, tulikwenda Kisauni kwenye arusi ya jamaa zetu. Likaletwa sinia la pilau. Mama akanisogelea akasema, "Kula, mwanangu. Leo tuko kwetu." Nilikuwa na njaa. Nikasema nimeshiba. Akarudia kwa upole, akanishika mkono kuupeleka kwenye sinia, nami nikawa navitazama vidole vyake. "Nimeshiba, mama." Alinitazama muda mrefu. Nilidhani ameudhika.

Nimezaa, nimelea, nimezika mume, ndipo nikaujua uso ule. Hakuwa ameudhika. Alikuwa na chakula mbele yake, na hakujua tena namna ya kunipa.