Chumvi Kabla ya Tende

Mimi ni mtu wa kutotulia, na mfungo huniongezea. Ramadhani ile nilikuwa najiandaa kwa mchujo wa kambi ya riadha Arusha, mara tu baada ya Idi, na baba alinipa sharti moja. Siku nitakayoanguka kwa sababu ya mbio, alisema, ndiyo siku ya mwisho ya mbio. Kisha akarudi kupima mchele dukani.

Nikapanga mazoezi yaishie karibu na magharibi. Ningekimbia alfajiri, ningeshinda na kiu mchana kutwa. Usiku ndiyo kabisa, nyati hutoka msituni kuingia mashambani, na mwenye akili hakimbii barabara ile. Basi baada ya alasiri nilipanda na lami kuelekea geti la Ngorongoro, magari ya watalii yakinipigia honi, nikageukia kwenye mashamba ya kahawa na kuteremka Karatu. Nyumbani nilikoroga kikombe cha ORS, ile dawa ya unga wanayopewa watoto wanaoharisha, nikakiweka kingoje adhana. Jasho lilinikaukia usoni likaacha chumvi nyeupe, na maji matupu yangenijaza tumbo bila kuirudisha. Baba, ambaye duka lake liko mbele ya nyumba, aliwaambia wateja kwamba binti yake anaharisha miguu.

Nilimchukia, halafu nikacheka peke yangu bafuni.

Siku moja katika kumi la mwisho nilipitiliza. Upepo wa mlimani ulikuwa baridi, miguu myepesi, nikasema kidogo tu, kidogo tena, hadi nikaliona geti. Kurudi kulinitoa roho. Niliingia ndani adhana bado, nikakaa mkekani na baba, na msuli wa mguu ukaanza kujikunja kama nguo inayokamuliwa. Nikasimama. Nikakaa. Nikajifanya napanga sahani. Mkono ulikiendea kikombe, nikaurudisha. Dakika za mwisho za mfungo ni ndefu kwa kila mtu, lakini mimi niliona muadhini kalala. Kiu haikunitisha sana. Niliogopa macho ya baba.

Adhana ilipoanza, mguu wa pili nao ukakakamaa. Nikaanguka ubavu, tende zikamwagika.

Baba aliniinua kwa mabega, akanishikia kikombe mdomoni, akaniambia nipige bismillahi na ninywe kidogo kidogo. Kisha akaushika unyayo wangu na kuusukuma taratibu mpaka msuli ukalegea. Yeye mwenyewe alikuwa hajafuturu. Nikaanza kujitetea kabla hajasema lolote: upepo, mchujo, siku zilizobaki. Alinisikiliza, akauliza nimefika wapi leo. Nikamwambia, getini.

Akaushusha mguu wangu mkekani. Nikajua yamekwisha, na machozi yakanitoka mbele yake bila haya.

"Kesho nitakufuata na pikipiki," akasema. "Dawa yako nitaitia kwenye chupa. Magharibi ikikukuta njiani, utafuturu njiani."

Nikamuuliza, na duka je? Saa ile ndiyo watu wanamiminika kununua vitu vya futari, na mwezi ule ndio unaotulisha miezi mingine.

"Litafungwa," akasema, ndipo akaokota tende moja mkekani na kufuturu.