Sweta Iliyotupwa Kwenye Karai

Nimeuza vitambaa sokoni Garissa mpaka magoti yakakataa. Kwa hiyo mwalimu wa kufuma aliponiita niamue sweta ya nani katika wasichana wake imetoka vizuri, nilijua kwa nini ameniita mimi. Nilichokuwa sijui ni kwa nini mtu afume sweta Garissa, mahali ambapo jua likitoka tu mbuzi wanagombania kivuli. Nikamwuliza.

"Ayeyo, shika kwanza," akasema. Ni mtu wa bara, Mkristo, lakini ameshajifunza kutuita nyanya kwa Kisomali.

Nikashika. Haikuwa sufu. Ilikuwa pamba nyembamba, na nilipoiinua dirishani niliona upepo unaweza kupita ila jicho haliwezi. Nikaigeuza ndani nje. Mimi nimesuka mikeka ya kufunika nyumba zamani tukihama na ngamia, na katika kusuka, huyu anapita juu, yule anapita chini. Hapa ulikuwa uzi mmoja tu, umejishika wenyewe kwa vitanzi. Ukivuta unakuja, ukiachia unarudi. Nikavuta, nikaachia, nikavuta tena, mpaka mwalimu akakohoa.

Nafasi ilikuwa moja. Mashine ya kufuma ilikuwa imeletwa, na atakayechaguliwa angebaki pale kuishika na kuwafundisha wenzake. Walioshindana walikuwa watatu, na wawili walikuwa watoto wa mjini. Wakikosa, wanarudi kwa mama zao kula. Mmoja alitoka mbali, Takaba. Babake alikuwa amemwambia wazi: usipochaguliwa, panda basi la kesho, uje ukae dukani. Mtoto huyo alishindwa hata kutazama. Alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji, anatafuna ncha ya mtandio.

Sweta zilikuwa zimetandazwa mezani. Ya kwanza ilikuwa na kila rangi aliyoumba Mungu.

"Hii inapiga kelele," nikasema.

"Ayeyo, hiyo ndiyo staili sasa!"

"Staili ya nani? Ya lori la miraa?"

Wakacheka. Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, nyekundu, imekaa kiunoni. Nikamwambia mwenyewe aivae, ainame kama anayerukuu. Mgongo ukatoka nje.

"Wewe utaswali mkono mmoja ukishika nyuma?"

Ya tatu ilikuwa ya yule wa Takaba. Ilinishangaza. Mikono mipana kama magunia, nyuma ndefu kuliko mbele. Lakini vitanzi vilikuwa sawasawa, na mtu anayefuma hivyo hakosei urefu wa mgongo. Basi alikuwa anataka nini? Nguo ikiwa mezani ni kama ngamia aliyelala, kimo chake hukijui. Nikasema, "Mbona hii hafai?" Adhana ya adhuhuri ikalia, nikatoka kwenda kuswali.

Niliporudi, mezani zilibaki mbili. Ile ya tatu ilikuwa kwenye karai chini, pamoja na vipande vya nyuzi. Msichana wa Takaba alikuwa amepiga magoti pembeni, anafunga mkoba wake. Mtoto aliyelelewa habishani na mkubwa.

"Iko wapi ile ya mikono mipana?"

"Si ulisema haifai?" mwalimu akajibu. "Nikamwambia pole."

"Nani amesema haifai? Nimesema hafai! Mbona mwenyewe hafai? Kwa mwili!" Nikajipiga kifua.

 Mwenye sweta ya lori akaangua kicheko. "Mwalimu, anasema havai! Kuvaa! Ayeyo hana v!"

Ni kweli. Lugha yetu haina sauti hiyo, na ulimi wangu umezeeka bila kuizoea.

"Meno sina, na hiyo pia sina," nikasema. "Macho ninayo. Wewe mtoto, toa hiyo kwenye karai, ufae."

Akavaa. Nikamwambia inua mikono kama unaanika nguo. Tumbo halikuonekana. Rukuu. Ile nyuma ndefu ikashuka ikafunika pale panapotakiwa kufunikwa. Nikamwambia, "Sasa chukua udhu."

Akasukuma mkono wa sweta. Ukapanda bila kukwama, ukapita kiwiko, ukakaa huko juu, kwa sababu juu ya kiwiko alikuwa amefuma pete ya kubana kidogo. Upana wote ule ulikuwa njia ya kiwiko. Nikasogea karibu. Kwenye pindo niliona mchoro ninaoujua, ule wa mikeka yetu.

"Huu umeutoa wapi?"

"Kwa ayeyo wangu, Takaba. Niliutazama mkekani nikauhesabia vitanzi."

Mwalimu akaja akasimama kando yangu. "Kwa hiyo, Ayeyo, niwaambie inavaliwa, au inafaa?"

"Waambie yote. Kwangu ni neno moja."

Msichana akakaa chini. Kisha akatoa simu, akampigia babake, akamwambia kwa Kisomali basi la kesho liende bila yeye. Nikamngoja amalize.

"Shingo imebana," nikamwambia. "Ifungue."

"Nitaifungua, Ayeyo."

"Si kesho. Leo, hapa."

Akatafuta ncha ya uzi. Nyumbani walikuwa wananisubiri kwa chakula, lakini nilivuta kiti. Nilitaka kuona kitu kilichoshikwa na uzi mmoja kinafumuliwa shingo tu bila mwili wote kufuata.